Kadi ya Matundu na Kopo la Poda

Walimu vijana wa shule yetu, mwezi huu mmekuja kunitembelea mara tatu, na kila mara mmenikuta nimeshika kitu: kwanza jembe, kisha mwiko, mara ya tatu mjukuu. Nadhani mlitegemea kumkuta mstaafu amekaa kitini akingoja wageni. Mkaniomba niwaandikie kurasa chache juu ya kutunga maswali ya mtihani wa Kiingereza, hasa yale ya kuweka maneno mahali pake, ambayo nasikia yanawasumbua ninyi kuliko wanafunzi wenu. Haya, nimekaa. Bukari, ugali wetu, imeiva, mjukuu amelala, kalamu ina wino. Lakini nawaonya mapema: mimi sijui kufundisha bila kusimulia, na ninachotaka kusimulia ni kosa langu mwenyewe, ambalo nusura limnyang'anye msichana mmoja kiti chake na kumpa mwingine aliyelala chini ya paa langu.

Kwa wale wasionijua vizuri: nilifundisha Kiingereza hapa Likasi miaka thelathini na miwili, yote katika shule ile ile ya Kikula. Wanafunzi waliniita Madame Fasi, kwa sababu kuanzia kengele ya asubuhi mpaka ya kutokea nilikuwa na swali moja tu: "Fasi yake iko wapi?" Fasi, kwa Kiswahili chetu cha Katanga, ni mahali, kama vile njo ni ndiyo na minye ni mimi. Jina hilo lilinifuata hadi sokoni. Muuza samaki alikuwa akinipangia samaki wake juu ya meza na kuniuliza, "Madame Fasi, huyu iko mu fasi yake?" Mwanzoni nilikasirika, baadaye nikazoea, na sasa mtu akiniita kwa jina la ubatizo nachelewa kuitika.

Tuanze na kazi yenyewe. Katika sentensi kuna maneno ambayo kazi yake ni kusindikiza maneno mengine. Yanatuambia ni mtu gani, alikuwa akifanya nini, lini, kwa namna gani. Vitabu vinayapa majina marefu. Mimi niliyaita wasindikizaji. Na msindikizaji ana sheria moja: atembee karibu na yule anayemsindikiza. Ukienda kumsindikiza bibi harusi, huwezi kutembea ng'ambo ya barabara na watu usiowajua halafu udai kwamba ulikuwa harusini.

Sisi tunapata shida hapo kwa sababu Kiswahili kimetuzoesha raha. Mtu akisema, "Akitembea kwenda Kakontwe, mvua ilimkuta baba," hakuna atakayedhani kwamba mvua ndiyo iliyokuwa ikitembea. Ile *a* ya mwanzo imekwisha kutuambia kuwa ni mtu. Maneno yetu yanavaa sare. Hata yakitawanyika uwanja mzima, unajua nani ni wa darasa gani. Kiingereza hakivai sare. Ukiandika *Walking to Kakontwe, the rain met my father*, Mwingereza anaona mvua imevaa viatu na inakwenda zake kwenye machimbo ya chokaa. Ukitaka baba atembee, lazima umlete baba karibu: *Walking to Kakontwe, my father met the rain*. Ishikeni sentensi hiyo, maana itarudi.

Mwaka wangu wa kwanza nilieleza mambo haya kwa mdomo saa nzima, nikiwa na chaki hadi kwenye nyusi. Mwisho nikauliza kama wameelewa. "Ndiyo, Madame!" darasa zima, kwa furaha. Nikawapa jaribio, wakapata watatu. Nilikaa kwenye kiti changu nikitaka kulia, na hapo ndipo akaingia mwalimu wa darasa la jirani, Maître Hilaire.

Maître Hilaire alikuwa mtu wa Kapolowe, mrefu, mwenye koti moja la kahawia na sauti ya mtu anayefukuza kuku kwenye mahindi. Alikuwa amefundisha Kiingereza tangu mimi nikiwa mtoto, na alikuwa amelisikia somo langu lote kupitia ukutani.

"Mama," akaniambia, "unasema mingi. Batoto habaone kintu. Ukamate makarton, uandike neno moya moya, ubapatie bashike, halafu uache batembee."

Kesho yake nikafanya hivyo. Kila mtoto alishika neno lake kifuani, na sentensi ikasimama mbele ya ubao kwa miguu yake. Nikamwambia msichana aliyeshika neno la kutembea asogee karibu na aliyeshika mvua. Mvulana wa nyuma akapiga kelele, "Eh! Mvula inatembea!" Darasa likaanguka kwa kicheko, na tangu siku ile sikuhitaji tena kueleza saa nzima. Namshukuru mzee yule mpaka leo. Angeweza kwenda kunisema vibaya kwenye chumba cha walimu kama walivyofanya wengine, na badala yake akaniletea makarton yake mwenyewe.

Alinifundisha pia kutunga majibu ya uongo, ambayo ni magumu kuliko ya kweli. Mtihani wangu wa kwanza nilijaza majibu ya kuchekesha, nikidhani nimefanya kazi safi. Akausoma akiwa amesimama, akanirudishia. "Hii hata mbuzi yangu ya Kapolowe itapita." Jibu la uongo lisitoke kichwani mwako, litoe kwenye madaftari ya wanafunzi. Yeye alikuwa na kijitabu ambamo aliandika makosa yao ya kweli mwaka mzima, bila majina, na kutoka humo ndimo alimochagua. Jibu ambalo hakuna mtoto hata mmoja anayeweza kulichagua ni wino uliomwagika.

Na sentensi iwe ya hapa kwetu. Mimi mara moja nilinakili swali kutoka kitabu cha Ulaya, lenye theluji. Nikiwa nazunguka katikati ya madawati, mtoto akainua kidole. "Madame, hii theluji njo minerai gani?" Mnacheka, lakini fikirini mahali tulipo. Hapa kila kitu kisichojulikana ni madini, kinatoka ardhini. Mtoto yule alikosa swali si kwa sababu hakujua mahali pa msindikizaji, bali kwa sababu mwalimu wake alimpeleka nchi asiyoijua na kumwacha huko. Tangu hapo nikaweka bukari, sombe ya majani ya muhogo, soko la Kikula, na baba anayekwenda Kakontwe.

Sasa nifike kwenye kadi.

Enzi zetu hakuna simu iliyosahihisha. Mwanafunzi alizungushia herufi moja kati ya nne kwenye karatasi ya majibu, na sisi tulikuwa na karatasi mia mbili na mchana mmoja. Maître Hilaire alikata karton ya sanduku la sabuni iwe sawa na karatasi ya majibu. Kisha akatia msumari kwenye mbabula, jiko letu la makaa, ukawa mwekundu, akatoboa tundu pale palipo jibu la kweli la kila swali. Unaiweka kadi juu ya karatasi ya mtoto, unahesabu mizunguko inayoonekana kupitia matundu, umemaliza. Chumba kizima kilinuka karton iliyoungua na sabuni. Nikisikia harufu ile hata leo, mkono wangu unatafuta kalamu nyekundu.

Alikuwa na sheria zake. Ukimaliza kutunga mtihani, uache siku tatu. Siku ya nne ukae kama mwanafunzi, na penseli, uufanye wote bila kutazama popote. Matundu unayatoboa kwa kufuata penseli yako, si kwa kufuata kumbukumbu. Na ukibadilisha chochote, hata herufi moja, kadi yote inakwenda motoni, unakata nyingine. "Kadi ya zamani inaungua siku ile ile," alisema. Mimi niliona ni ushupavu wa mzee. Karton nzuri haikuwa rahisi kupatikana, na yeye anachoma!

Akastaafu, akarudi Kapolowe kwenye mahindi yake, akaniachia msumari.

Miaka michache baadaye, kampuni moja iliyokuja kuchimba ikaomba kila shule ipeleke wanafunzi wawili wakasomee ukalimani mwaka mzima, kwa sababu wageni wao walizungumza Kiingereza na watu wetu hawakukielewa. Nafasi mbili kwa shule nzima. Prefe, yaani mkuu wetu wa shule, akaniagiza nitunge mtihani wa maswali arobaini. Katika watahiniwa alikuwemo Sylvie, binti wa marehemu kaka yangu, niliyemlea tangu akiwa na miaka sita. Nilimwambia Prefe wazi, naye akaamua karatasi ziwe na namba tu, bila majina. Kwa hiyo niliona niko salama.

Nilichukua maswali yangu mazuri ya mwaka uliopita, lakini nililazimika kuchanganya majibu upya. Sababu ni kwamba siku moja, nikipita karibu na bomba la maji, nilisikia wasichana wawili wakiimba herufi kwa sauti ya kwaya: B, A, A, D, C. Walikuwa wamekariri mtihani mzima kwa sauti mbili, ya juu na ya chini. Waliimba vizuri, sikatai. Basi nikachanganya majibu, nikakata kadi mpya, nikatoboa. Siku ya kupiga chapa nikaona kwamba swali la kumi na sita, la kumi na saba na la kumi na nane yote jibu lake ni B. Hiyo haipendezi. Nikahamisha jibu la kumi na saba likaenda D. Karatasi ikabadilika. Kadi ikabaki vile vile. Tundu moja tu, nikajiambia, nitalirekebisha jioni. Jioni nikapata wageni kutoka Lubumbashi. Na penseli sikuishika kabisa.

Siku ya matokeo mnaijua, haijabadilika. Uwanja umejaa, Prefe yuko juu ya ngazi na liste, orodha ya waliopita, yenye mhuri, na kila familia imeficha kopo la poda ya watoto ndani ya kikwembe, kitenge cha kujifunga. Jina likitajwa, poda inamwagwa kichwani, vigelegele, mtoto anakuwa mweupe hadi kwenye kope. Wa kwanza alikuwa mvulana aliyewaacha wote mbali. Wa pili akatajwa: Sylvie, alama thelathini na tatu. Nilisahau kwamba mimi ni mwalimu. Nilikimbia na kopo langu la bluu, nikaanza kummwagia. Kopo lilipofika nusu, akanishika mkono, akicheka na kupiga chafya.

"Tantine, acha! Hii ingine tunabakisha. Ni ya siku nitamaliza."

Akachukua kopo, akalifunga, akaliweka kwenye mfuko wake wa shule. Wa tatu alikuwa msichana aitwaye Godelive, alama thelathini na mbili. Wa tatu hapati kitu.

Jumatatu Godelive alikuja kwenye chumba cha walimu. Mtoto wa mfanyakazi wa machimbo ya Kakontwe, mdogo wa mwili, mwenye tabia ya kuongea akitazama viatu vyake. Mkononi alikuwa na karatasi ya maswali.

"Madame, sikuya kubisha," akasema. "Nataka tu kujua fasi nilikosea. Njo nisirudie tena."

Niliipenda sana tabia hiyo. Nikamuuliza namba yake, nikatoa karatasi yake ya majibu kabatini, nikaweka kadi juu yake, tukashuka pamoja swali kwa swali. Tulipofika kumi na saba nikagonga kwa kidole. "Hapa. Umeweka D, jibu ni B." Akatazama karatasi yake ya maswali. Akatazama tena. Kisha akasema polepole sana, kama anayeomba msamaha:

"Madame, B njo mvula inatembea."

Nikaivuta karatasi ya maswali kwangu.

"Baba njo anatembeaka kwenda Kakontwe," akaendelea, bado akitazama viatu vyake. "Hapana mvula."

Nilisoma swali lile, sentensi yangu mwenyewe niliyoitunga, niliyoifundisha miaka yote ile na watoto wakiwa wamesimama mbele ya ubao. Na mnajua nilisema nini? Nilisema, "Acha nitazame vizuri. Rudi kesho." Katika miaka thelathini na miwili nimesema maneno mengi ya kijinga darasani, lakini hayo ndiyo ninayoyaonea haya.

"Aksanti, Madame," akajibu, akaondoka. Alidhani yeye ndiye hakuelewa.

Nikafunga mlango. Nikaitafuta karatasi ya Sylvie. Kumi na saba: B. Mtoto aliyekula mezani kwangu miaka yote hiyo, na Madame Fasi akiwa shangazi yake, alikuwa ameitembeza mvua kwenda Kakontwe, na kadi yangu ikampa alama. Ukirekebisha tundu, Sylvie anapata thelathini na mbili, Godelive thelathini na tatu. Nilihesabu mara nne nikitumaini hesabu itachoka na kubadilika.

Hakuna aliyejua. Nje ya lango mama mmoja alikuwa akikaanga mikate, mbabula yake inawaka. Kadi ingeungua kwa dakika moja, tena kwa kufuata sheria ya Maître Hilaire mwenyewe. Niliishika na nikasimama. Siwadanganyi, nilikwenda nayo mpaka mlangoni. Kilichonizuia kupita pale mlangoni ni ile aksanti. Mtoto nimemnyang'anya mwaka wake, naye ananishukuru. Nilijua nitaisikia kila siku nitakapomwambia mwanafunzi mwingine yeyote kwamba amekosea.

Nikaenda kwa Prefe na karatasi mbili na kadi. Alikuwa mtu nadhifu aliyependa mhuri wake kuliko chakula. Alisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani.

"Madame, liste iko na mhuri. Bantu balisha kumwanga poda. Unataka tuipanguse na nini?"

Nikaiweka kadi juu ya meza yake.

"Tena batasema weye njo ulitoboa ile tundu ju ya mutoto yako. Ukinyamaza, hakuna mutu atasema kintu."

"Ninajua, Prefe."

Akavaa tena miwani. Kisha akamwita mwalimu mwingine wa Kiingereza, akampa penseli na mtihani wangu, akamwamuru aufanye wote mbele yake. Wakakata kadi mpya, wakasahihisha karatasi zote upya wao wawili. Maswali mengine thelathini na tisa yalikuwa safi. Hakuna nafasi nyingine iliyohama ila hiyo. Prefe akaandika liste ya pili, akapiga mhuri, akanisogezea.

"Weye njo utaisoma," akasema. Nilimchukia dakika ile. Leo namshukuru, maana angeweza kuisoma yeye, na mimi ningejificha nyuma ya mgongo wake maisha yangu yote.

Sylvie nilimwambia nyumbani siku hiyo hiyo jioni. Alikuwa anatwanga sombe uani. Nilimweleza yote, tundu, wageni wa Lubumbashi, penseli. Hakuacha kutwanga.

"Njo kusema sikupita," akasema.

"Hukupita. Lakini ni minye nilikosa, mama. Hapana weye."

Mchi ukasimama. "Ni weye ulikosa, tantine. Lakini njo minye nabakia."

Akaendelea kutwanga.

Siku ya pili yake nikasimama juu ya ngazi. Habari ilikuwa imekwisha kuzunguka, uwanja ulijaa kuliko siku ya kwanza. Nikasema kwamba kosa ni langu, si la mwanafunzi yeyote, kwamba kadi ilikuwa na tundu mahali pasipo pake, na kwamba nilikuwa nimefundishwa namna ya kuliepuka na sikufanya. Watu wakaanza kunung'unika. Nikasoma jina la Godelive. Hakuna aliyekuwa na poda. Nani angeleta poda kwa jambo kama lile? Lakini baba yake alikuwa ameitwa na jirani, na alikuja moja kwa moja kutoka machimboni, kichwa na mabega vyeupe kwa vumbi la chokaa. Mama mmoja nyuma akapaza sauti:

"Ule alisha kujimwangia yeye mwenyewe!"

Uwanja mzima ukacheka, na kicheko kile kikaniokoa. Baba yake hakucheka. Alipanda ngazi, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema aksanti, Madame, kama binti yake alivyosema. Nilibaki na kiganja cheupe. Nilifikiria kwamba mtu yule alikuwa anarudi nyumbani na unga mweupe kichwani kila siku ya kazi, na hakuna aliyewahi kumpigia kigelegele.

Kikula ikasema, kama ilivyotabiriwa. Nusu walisema nilitoboa tundu kwa ajili ya binti wa kaka yangu kisha nikaogopa. Nusu nyingine walisema nimemuuza binti wa kaka yangu kwa mtu wa Kakontwe. Mtu mmoja hawezi kufanya yote mawili, lakini Kikula ina watu wengi na kila mmoja anahitaji habari yake. Hayo yalipita. Kilichoniumiza ni nyumba yangu mwenyewe. Msimu mzima wa mvua Sylvie aliniambia maneno mawili tu: ndiyo tantine, na hapana tantine. Alipika, alifua, alisalimia wageni vizuri. Lakini zile hadithi zake za shuleni, za kunichekesha mpaka nikaacha chakula, zilikoma. Nilikuwa nakula haraka ili nitoke mezani.

Nikaenda Kapolowe. Maître Hilaire alikuwa anapukuchua mahindi. Nilimsimulia, nikitegemea anigombeze, hata nilitamani anigombeze. Akaomba kadi. Akapitisha ncha ya kidole chake kwenye tundu la kumi na saba.

"Hii usiichome," akasema. "Hii njo utabakia nayo."

Ndiyo ile mnayoiona ukutani juu ya meza yangu, ambayo mmoja wenu aliniuliza kama ni urembo wa watoto.

Ninyi leo mna simu. Mnashusha mtihani kutoka kwenye mtandao, umekuja na majibu yake, mnapiga picha karatasi ya mtoto na alama zinatoka zenyewe. Sina ugomvi na simu. Ningekuwa nayo nisingeungua vidole. Lakini ile nayo ni kadi ya matundu, na kuna mtu mahali fulani aliyeitoboa, pengine akiwa na wageni nyumbani. Kaeni na penseli. Ufanyeni mtihani wenu wenyewe kabla hamjampa mtoto wa mtu. Na mwanafunzi akija kuuliza alipokosea, msimwambie arudi kesho. Vuteni kiti. Mimi nilichokipata cha thamani katika kazi hii nimeletewa na mtoto aliyekuwa anatazama viatu vyake, na bila yeye ningestaafu nikiwa mwongo bila hata kujua.

Godelive sasa ni mkalimani Kolwezi. Kila mwaka mpya ananitumia salamu, na kila mara anauliza kama Sylvie hajambo. Sylvie hajambo. Hakurudi kwenye mtihani wowote wa Kiingereza. Anauza vikwembe sokoni Kikula, na wafanyabiashara kutoka Zambia wanamjia yeye kwanza, maana anazungumza nao Kiingereza cha haraka ambacho wasindikizaji wamesambaa kila upande kama mbuzi barabarani, na hajawahi kukosa kueleweka. Tulirudi kuongea kidogo kidogo, tukaanza na bei ya nyanya, tukafika kwenye watoto wake. Ile siku ya sombe hatukuigusa tena.

Siku yangu ya kuagwa mlikuwepo baadhi yenu. Hotuba zilikuwa ndefu, soda zikapata moto. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti kile cha maua, uwanjani pale pale, nikitazama lango, kwa sababu Sylvie alikuwa hajafika. Akaja mwishoni, jasho linamtoka, ametoka sokoni moja kwa moja. Hakuomba nafasi ya kusema. Alipita katikati ya viti hadi mbele yangu, akafungua fundo la kikwembe chake, na ndani kulikuwa na kopo la bluu. Maandishi yalikuwa yamefutika. Kifuniko kilikuwa kimeganda, akakigonga kwenye ngazi mara mbili, mara tatu, mpaka kikaachia.

"Tantine," akasema, "umemaliza."

Akamwaga yote kichwani mwangu. Akapigapiga kopo kwa kiganja mpaka ile iliyoshika pembeni nayo ikatoka, na alipoona limekwisha kabisa akanikumbatia, tukalia sote wawili mbele ya Prefe na soda zake. Nilirudi nyumbani kwa miguu, nikipita katikati ya Kikula nikiwa mweupe kama baba yake Godelive, na sikujipangusa mpaka kesho yake.